Kabla hujatuma meseji kwamba tumekuuzia mbwa mgonjwa

Wiki iliyopita nimeamshwa na meseji saa kumi na moja alfajiri, "nyie matapeli, mbwa wenu kafa". Ni ya tatu mwaka huu na zote stori ni ileile, papi katoka kwetu mzima anarukaruka, siku ya sita hali chakula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau maisha. Anakaa mbele ya bakuli la maji kainamisha kichwa na hanywi. Hiyo ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Nikamuuliza kaka wa watu, hapo kwako uliwahi kufuga mbwa? Akajibu ndio, alikufa mwezi wa kwanza, ila banda nililifagia.

Ulifagia! Kirusi cha parvo kinakaa sakafuni na kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka mzima, na ufagio hakiujui. Ndugu wanne wa huyo papi, wa tumbo hilohilo, wako hapa kwangu wanagombania chakula mpaka wanang'atana masikio, sasa ugonjwa ulitoka wapi?

Banda linasuguliwa kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, maana jiki ukiimwaga juu ya uchafu umeipoteza bure, halafu ndio jiki kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, iache dakika kumi ikiwa mbichi, suuza, anika. Kama ni uwanja wa udongo usijisumbue, papi akae barazani kwenye saruji mpaka amalize chanjo.

Na chanjo ndio penye ugomvi mkubwa. Mtu anaona kwenye kadi kuna stika moja anasema si kachanjwa huyu. Kachanjwa ya kwanza tu bosi! Papi anatoka na kinga ya maziwa ya mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu inaifuta chanjo tunayomchoma, na hakuna anayejua itaisha lini hasa, ndio maana tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa anachomwa akifika miezi mitatu. Ukiruka ya pili na ya tatu umemwacha mtupu kipindi kibaya kuliko vyote.

Kuna kijana mmoja aliona daktari anamlia hela, akaenda duka la dawa za mifugo akanunua kichupa mwenyewe, akakitia mfukoni, akapanda daladala kwenye foleni ya saa mbili na jua la Dar, akafika akachoma. Chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Alichochoma ni maji tu. Aliokoa elfu kadhaa, akaja kulipia dripu siku tano, bahati yake mbwa alipona akiwa mifupa mitupu.

Mengine ni madogo. Maziwa ya ng'ombe usimpe, yatamharisha halafu utanipigia simu usiku. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Chakula tunachokupa endelea nacho, kipya mchanganyie kidogokidogo kwa wiki nzima. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwogeshe eti ana kupe, njoo tukupe inayolingana na kilo zake. Usiku wa kwanza atalia, ndio maana kwenye boksi tunaweka kipande cha kanga alicholalia na mama yake, wateja wengine wanakitupa wakidhani ni tambara, jamani msikitupe.

Najua mtandaoni kuna wa laki moja na nusu, na wetu ni laki nne. Muulize huyo wa laki na nusu alimpa dawa ya minyoo mara ngapi. Sisi ni kila wiki mbili toka wana wiki mbili, na kabla ya wiki nane hatoki mtu hapa hata ukiongeza hela.

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu, kabla ya kukabidhi unatuma picha ya atakapolala. Mzee mmoja alikasirika, akauliza ananunua mbwa au anaomba viza. Lakini akatuma. Banda safi kabisa, limepakwa chokaa, ila pembeni kuna bakuli la plastiki limekwaruzwa na meno, nikamuuliza hilo la nani mzee wangu, akasema la yule aliyekufa, bado zima.

Tumempa la stili, bure.