Hatukutoroka, tulikimbia

Bwana Mhariri,

Juzi habari yenu ya kukumbuka mlipuko wa volkano ya Nyiragongo ilisema kwamba mwezi wa tano 2021 "wakazi wa Goma walitoroka mji". Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo, si mwalimu wa lugha, lakini neno hilo limenichoma.

Anayetoroka ni mfungwa, mwanafunzi anayeruka ukuta wa shule, binti anayeondoka usiku na kijana asiyetakiwa na baba. Anajificha kwa sababu yuko mtu wa kumrudisha. Sisi tulimtoroka nani? Tarehe 27 ni gavana mwenyewe aliyetangaza mitaa kumi iondoke. Tulishika njia ya Sake kweupe, godoro kichwani, mtoto mgongoni.

Hata mwaka 2002, moto ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, mbele ya macho ya kila mtu. Mume wangu alibeba kichwa cha mashini yangu ya kushona. Kikamponyoka karibu na mpaka, gurudumu likavunjika. Kibanda hakikupona, sisi tuliponea chupuchupu. Mnaona maneno tuliyo nayo?

Na gesi je? Kule njia ya Sake mzee mmoja alitukataza kutandika mkeka bondeni: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayochomoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, basi hulala mabondeni, na mbuzi akiinama kula majani hainuki tena. Tumeukimbia moto, nusura tulale juu ya kifo kisicho na moshi. Ile nayo mmeandika "inatoroka". Gesi haina bosi, Bwana Mhariri!

Ninayemjua aliyetoroka kweli ni mmoja tu. Jumanne ile, ardhi ikiwa bado inatetemeka, mteja wangu alikuja kuchukua nguo zake mbili za kikwembe, yaani kitenge. Pesa ya mshono, dola 12, angeleta Alhamisi. Alhamisi mji mzima ulikuwa barabarani. Sisi tulirudi mwezi wa sita. Yeye, simu yake haipatikani hadi leo. Huyo mwandikeni "alitoroka", ruhusa natoa. Jina lake silitaji, lakini liko kwenye daftari langu, chini ya vipimo vya kiuno.

Fundi wa nguo, Majengo, Goma