Barua kwa mwanangu Somoe: kabla hujamlipa kocha wa baiskeli

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka Lindi. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata: watu wawili wanataka kukufundisha mbio za baiskeli, mmoja yuko hapo hapo Mtwara, mwingine yuko Mwanza na atakufundisha kwa simu, nawe unataka nikuchagulie. Mimi sichagui. Nitakwambia cha kuwauliza, na majibu yao yatakuonyesha.

Kwanza tazama ni nani kati yao anayeuliza zaidi. Kocha anayeijua kazi hakupi mazoezi siku ya kwanza. Atataka kujua una saa ngapi kwa wiki baada ya masomo, umeendesha kiasi gani mwezi uliopita, goti gani linauma, malaria ilikupata lini, Ramadhani unafunga au la, baiskeli yako ina gia ngapi. Akikwambia "kuanzia kesho kilomita 60 kila siku" kabla hajauliza lolote, basi anakupa mazoezi ya mtu mwingine, na mara nyingi ni yale aliyofanya yeye enzi zake. Medali za kocha ni zake. Cha kuangalia ni watu waliopita mikononi mwake. Omba namba za watatu, na mmoja wao awe ameshaachana naye. Huyo ndiye umpigie kwanza.

Halafu waombe wote wawili mpango wa wiki nne kwa maandishi. Mpango ukifika, anza kusoma siku za kupumzika. Wiki ya msichana wa umri wako mwenye saa sita za mazoezi inatosha kuwa na siku mbili ngumu, zikiachana kwa saa 48, siku mbili tatu za mwendo mwepesi ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, na zinazobaki ni mapumziko. Wiki tatu mzigo unapanda kidogo kidogo, ya nne unashuka, kwa sababu mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Siku ngumu nayo iandikwe wazi: dakika 20 za kupasha mwili, kisha dakika 4 za nguvu mara tano, katikati dakika 3 za kupiga pedeli polepole, na dakika 10 za kupoza. "Jumanne: kimbiza sana" si mpango.

Muulize kila mmoja atapimaje maendeleo yako. Hapa wengi huanguka. Kwenye barabara ya kwenda Mikindani msimu wa kusi, upepo unakusukuma ukienda, ukirudi unakukaba. Kocha akipima kasi ya kwenda tu, Juni utaonekana umeiva, na siku upepo ukitulia atasema umelegea, kumbe miguu ni ile ile. Kipimo kizuri kinafanyika alfajiri upepo haujaamka, njia ile ile, kwenda na kurudi, tairi zenye upepo sawa, siku moja baada ya mwendo mwepesi. Mwenye kifaa cha kupima nguvu za miguu huendesha dakika 20 kwa uwezo wake wote, akachukua wastani na kuuzidisha kwa 0.95, apate nguvu anayoweza kuihimili kwa takriban saa moja. Wewe huna, na usikinunue sasa, ni ghali. Vaa mkanda wa mapigo ya moyo kifuani, endesha kwa uwezo wako wote dakika 30 peke yako, uchukue wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Saa ya mkononi hudanganya barabara ikiwa na mtikisiko na mkono ukilowa jasho.

Tena joto. Mwezi wa Desemba hapo Mtwara moyo utapiga kasi zaidi kwa kazi ile ile, maana damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Kocha asiyejua hili atakuona mvivu akitazama namba tu. Wa Mwanza muulize hasa swali hili, kwa kuwa hatakuwepo kukuona unavyotota. Safari ikizidi saa moja, beba maji ya nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa, na chumvi kidogo; ikizidi saa moja na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani inakaribia gramu 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa si ulafi.

Mpe kila kocha mtihani wa goti. Mwambie, "Goti linaniuma kwa mbele nikimaliza safari ndefu." Anayefaa ataiangalia siti kabla ya yote. Kaa juu ya baiskeli, mtu akushike, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti libaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Siti ikiwa chini mno, au ukilazimisha gia nzito, maumivu huja mbele ya goti. Ikiwa juu mno, huja nyuma. Irekebishe milimita chache kwa mara moja, kisha piga alama ya kalamu kwenye bomba la siti ili fundi akiifungua usipoteze kipimo.

Akianza na kidonge cha maumivu badala ya siti, aga uondoke. Tramadol, dawa kali ya maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni tangu tarehe 1 Januari 2024, na sheria inasema mchezaji mwenyewe ndiye anayejibu kwa kilichomo mwilini mwake. "Kocha ndiye alinipa" haikuokoi.

Ramadhani, kocha mwelewa hatakwambia uache kufunga wala uache baiskeli. Atapunguza saa, mwendo mwepesi ataupanga karibu na futari, na mazoezi magumu machache baada ya kufuturu ukishakunywa maji. Homa ikija, hakuna baiskeli mpaka umalize dawa na nguvu zirudi, na unaanza na wiki ya mwendo mwepesi. Na hili nakwambia kama mama: siku zako zikikatika miezi mitatu mfululizo, hiyo si dalili ya mazoezi kukolea. Mara nyingi ni kwamba unakula kidogo kuliko unachotumia, na mifupa ndiyo italipa. Nenda hospitali. Kocha anayeona aibu kuzungumzia jambo hilo, au anayekupima uzito mbele ya wenzako, hatufai.

Mazoezi yafanyike barabarani, si chumbani kwa mtu. Ujumbe wote upite kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi na mama mdogo tumo. Akikataa, amejibu. Na kuanzia Oktoba malori ya korosho yakianza kushuka bandarini, aonyeshe njia yake mbadala na saa za kutoka, na taa ya nyuma iwe sharti, pamoja na helmeti.

Kuhusu umbali: wa simu asikutishe. Kanda ya Ziwa ndiko mbio za baiskeli zilikoota mizizi, na kocha wa huko anayesoma kumbukumbu zako kila Jumapili ni bora kuliko wa jirani anayekupigia filimbi tu. Ila lazima uwe na mtu wa kukutazama hapo hapo, hata fundi mzuri, akupige video ya ubavuni ukipiga pedeli dakika mbili. Kabla ya yote pita kwa afisa michezo wa manispaa, uulize pia kama majina yao yanajulikana Chama cha Baiskeli Tanzania. Na anayekuahidi timu ya taifa kwa sababu mashindano ya dunia ya 2025 yalifanyika jirani tu, Kigali, anauza maneno.

Malipo ni ya mwezi kwa mwezi, si ya mwaka. Mpe wiki nane, kwa kuwa kabla ya wiki ya sita huwezi kujua kama mwili umeitikia. Wakubaliane nawe kwa maandishi: mpango unakuja siku gani, simu ngapi kwa mwezi, na ukiugua pesa inakuwaje. Akaunti ya kumbukumbu za mazoezi iwe kwa jina lako, nywila ubaki nayo wewe.

Nitumie mipango yote miwili ikifika, pamoja na urefu wa siti yako, kuanzia katikati ya ekseli ambayo mikono ya pedeli inaizunguka hadi juu ya siti. Hela ya mkanda wa kifuani nimempa mama mdogo.

Mama yako