Hela ya video situmi, ya masta natuma

Melbourne, Australia

Mdogo wangu Kombo,

Assalaam alaykum. Shikamoo yangu mfikishie Mama, na Bibi Mwanaidi mwambie dawa zake anazo mtoto wa Mzee Shekue, zitafika akishuka tu. Huku kwema. Baridi ipo, tumeshaizoea.

Sauti zako zote za WhatsApp nimezisikiliza mpaka mwisho. Milioni mbili ulizoniomba za video ya bendi yenu sitatuma. Nimeambiwa Baba Mkubwa alisema kikaoni kwamba mimi nakula raha na bendi za wazungu huku mdogo wangu anahangaika, na hakuna aliyemjibu. Hilo limeniuma kuliko hata kuombwa hela. Kazi yangu huku ndiyo hiyo hiyo unayoitafuta wewe: kutayarisha matoleo ya bendi changa, kuanzia faili linapotoka studio mpaka linapopigwa redioni. Mwambieni na hili: toleo la mwisho nililolishughulikia limepigwa 3RRR, redio ya hapa Melbourne, na nyuma ya kava la santuri limeandikwa jina langu pamoja na la ukoo wetu. Kwa hiyo ninaposema video isubiri, najua ninachosema.

Uliuliza bendi za huku zinatokaje wakati hakuna anayezijua. Zinatoka kwa redio na kwa makaratasi. Kuna triple j, redio ya vijana ya shirika la taifa la ABC, iliyojipangia angalau asilimia 40 ya nyimbo iwe ya Australia. Ina mlango wa wachanga unaoitwa Unearthed, ulioanza 1995 na kuhamia kwenye intaneti 2006. Bendi inapakia wimbo bure, watangazaji wenyewe wanausikiliza, wanauandikia maoni na kuupa nyota. Chini yake zipo redio za jamii: 3RRR na PBS hapa Melbourne, FBi kule Sydney, 4ZZZ Brisbane, RTRFM Perth. Huko mtangazaji anajitolea na anachagua nyimbo mwenyewe. FBi wamejiwekea nusu ya muziki wao uwe wa Australia, na nusu ya hiyo nusu itoke Sydney. Upo pia mpango wa Amrap unaofikisha nyimbo kwenye redio za jamii nchi nzima. Bendi ya watoto wanne wanaofanyia mazoezi gereji inaweza kusikika Perth, zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara kutoka hapa, bila kumhonga mtu. Ninyi anzeni na redio za Tanga kabla ya kuota Dar. Mtangazaji mmoja anayewapenda kweli anawafaa kuliko kumi mliowalipa.

Lakini msidhani redio inawatajirisha. Sheria ya hakimiliki ya hapa, ya 1968, imeweka ukomo: redio za biashara haziwezi kutozwa zaidi ya asilimia 1 ya mapato yao kwa ajili ya rekodi wanazopiga, na ABC haizidishi nusu senti kwa kila mkazi wa nchi kwa mwaka. Nusu senti, Kombo! Wasanii wanapigana ukomo huo uondolewe, na wana haki. Ukomo huo unagusa rekodi tu. Mtunzi wa wimbo ana fungu lake pembeni kupitia APRA AMCOS, chama cha huku kinachowakusanyia watunzi haki zao, na hilo halibanwi hivyo. Hata ukipiga wimbo wako mwenyewe baa, ukirudi nyumbani unajaza orodha ya nyimbo ulizopiga na ukumbi, na fungu lako linaingia. Bendi zisizojaza zinaacha hela mezani kila mwaka.

Ndiyo maana nakuuliza tena swali ulilolikwepa: nani mtunzi wa zile nyimbo tatu? Wewe unasema wewe, Salimu anasema kiitikio ni chake, na mpiga besi anadai yeye ndiye aliyeleta mpigo. Kaeni wote wanne, andikeni jina la wimbo, majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, na asilimia ya kila mmoja mpaka ifike 100. Sainini, pigeni picha karatasi, nitumieni. Halafu mkasajili BASATA, baraza la sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ugomvi wa asilimia huwa rahisi wakati wimbo haujaingiza hata shilingi. Ukishaingiza, ndugu wanafikishana mahakamani.

Sasa kalenda. Nyimbo zinaachiwa Ijumaa, na hesabu inakwenda kinyumenyume kutoka Ijumaa hiyo. Wiki nane kabla, masta, yaani rekodi ya mwisho iliyo tayari kutoka, iwe imekamilika: faili la WAV la biti 24, siyo MP3. Kava liwe mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000, bila namba ya simu wala nembo ya mtandao wowote, kwa sababu wasambazaji, yaani kampuni zinazoupeleka wimbo Spotify na kwingineko, wanalikataa na wiki nzima inapotea mkirekebisha. Wiki nne kabla, wimbo uwe kwa msambazaji. Ukishaonekana kwenye akaunti yenu ya Spotify ya wasanii, mnauombea nafasi kwa wahariri wa orodha zao za nyimbo. Usipungue siku 7 kabla ya kutoka, kwa sababu hapo ndipo unapoingia kwenye orodha ya wiki ya wanaowafuata. Ukishatoka, hauombewi tena. Na unaombewa wimbo mmoja kwa wakati, ndiyo sababu bendi za hapa haziachii albamu kwa mkupuo: wimbo mmoja, baada ya wiki tano au sita mwingine, kisha wa tatu, ndipo albamu. Kila wimbo unapata Ijumaa yake.

Makosa mawili ninayoyaona kila mara. La kwanza, wimbo ulioachiwa peke yake unapoingizwa kwenye albamu, mtu anauombea namba mpya ya ISRC, ile inayoitambulisha rekodi. Mifumo inauona ni wimbo mwingine, na hesabu ya wasikilizaji inagawanyika. Tumieni namba ile ile. La pili ni jina. Tafuteni jina la bendi yenu kwenye mitandao yote kabla ya kutoa chochote. Likiwa na mwenyewe, nyimbo zenu zitatua kwenye ukurasa wa mtu wa Brazili, na kuzirudisha ni kazi ya wiki kadhaa.

Yule anayewauzia wasikilizaji elfu kumi kwa bei ya chee, mwacheni. Ni kweli tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu Spotify. Lakini wasikilizaji wa kununua wanagundulika, msambazaji anatozwa faini, naye anaufuta wimbo.

Umeniomba nikuchagulie cha kusikiliza. Anza na The Belair Lip Bombs, wa Frankston, kusini mwa Melbourne. Walitoa albamu yao ya kwanza 2023, ikawafikisha Third Man Records ya Marekani, bendi ya kwanza ya Australia kusajiliwa pale, na 2025 wakatoa ya pili. Nyimbo zao ni fupi, kiitikio kinaingia mapema. Ninyi mna utangulizi wa dakika nzima, ukateni. Royel Otis wa Sydney ni wawili tu. Albamu yao ya kwanza ni ya Februari 2024, lakini kilichowapeleka duniani ni wimbo wa mtu mwingine walioupiga mwezi mmoja kabla kwenye kipindi cha triple j, kamera za studio zikiwaka. Huko hakukuwa na gari la kukodi wala wasichana wa kucheza. Hiyo ndiyo video ninayoitaka kwenu: simu moja imesimamishwa, mnapiga live, sauti imerekodiwa kwa maiki nzuri kisha ikapandishwa juu ya picha.

Kwa foku, sikiliza Folk Bitch Trio, wasichana watatu wa hapa Melbourne, albamu yao ya kwanza ni ya Julai 2025. Sauti tatu, gitaa kidogo, basi. Muziki wa namna hiyo hauna mahali pa kujificha. Ukiimba karibu mno na maiki, pumzi na herufi s vinachoma sikio. Kaa sentimita 20 hivi, geuza mdomo pembeni kidogo, na kwenye miksi shusha zile s peke yake kati ya kilohezi 5 na 8. Ukishusha eneo lote, sauti inakuwa ya mtu aliyejifunika blanketi. Wimbo wako wa pili una tatizo hilo hasa, kwenye neno "sisikii".

Saikedeliki, ile roki ya sauti za kindoto, ndiyo unayoipenda, na huku ndiko kwake. Kevin Parker wa Tame Impala, kutoka Perth, anarekodi albamu karibu nzima peke yake, ngoma mpaka sauti. King Gizzard & the Lizard Wizard wa hapa Melbourne walitoa albamu tano mwaka 2017 pekee, na moja waliigawa bure, faili za masta na zote, mtu yeyote aichape santuri auze. Siku hizi wana lebo yao wenyewe inayotoa na kazi za wengine, wakiwemo Babe Rainbow. Unachopaswa kukisikia sana ni kazi zao za mwaka ule zilizopigwa kwa gitaa lililoongezwa vijiti vya chuma shingoni ili oktavu igawanyike sehemu 24 badala ya 12. Wameifuata bağlama, ala ya nyuzi ya Waturuki. Wewe umekulia kwenye udi na fidla za taarabu, sauti hizo za katikati unazo masikioni tangu utoto, na udi hauna hata hivyo vijiti. Wao walilazimika kutengenezewa gitaa ili wafike pale ambapo mjomba Athumani anafika kwa kidole tu. Mwekeni kwenye rekodi! Nasema kwa dhati, hakuna bendi changa huku yenye mtu kama yule.

Tahadhari moja. Kwenye wimbo wa tatu umelitanua gitaa kwa kurudia nakala ile ile upande wa pili, ikiwa imecheleweshwa kidogo. Kwenye hedifoni linapendeza. Nimelisikiliza kwa spika moja ya simu, likakonda mpaka likabaki mkwaruzo, kwa sababu mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana yakikutana. Kwetu watu wanasikiliza kwa simu na redio ndogo. Lirekodi mara mbili kwa mkono, kushoto na kulia, kila pigo la kwake. Besi na ngoma kubwa zikae katikati. Kanuni hiyo itakufaa hata siku ya santuri: besi iliyotupwa pembeni inairusha sindano nje ya mfereji, na mafundi wa kuchapa watalirudisha faili. Upande mmoja wa santuri kubwa uwe na dakika 18 mpaka 22. Ukizidisha, sauti inashuka. Wimbo mtulivu huwekwa mwisho, maana karibu na katikati ya santuri zile sauti kali hazitoki safi.

Wala msimwambie fundi apandishe masta ipige kelele kuliko wote. Spotify inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo wimbo uliobanwa unashushwa tu, na ngoma zinabaki zimekufa.

Salimu anataka mwimbe Kiingereza. Hapana. King Stingray wanatoka Yirrkala, kaskazini kabisa ya nchi hii, wanaimba kwa Kiyolngu, lugha ya wenyeji wa kule, na Kiingereza, yidaki, ala yao ya kupuliza ya mti, iko mbele ya miksi, na albamu yao ya kwanza ilishinda tuzo ya Australian Music Prize ya 2022. Umati wa watu wasiojua lugha ile wanaiimba ukumbini. Nikiwasikia roho inaruka mpaka Ngamiani kwetu Tanga, kwenye santuri za Jamhuri Jazz na Atomic, dirisha wazi, Baba anaongeza sauti ili jirani naye afaidi. Tanga ilikuwa na bendi zilizosikika Afrika Mashariki nzima kwa Kiswahili. Hilo si jambo la kuacha.

Na amplifaya ya Baba haiuzwi. Najua Baba Mkubwa ameshaleta mteja. Zile taa zake za ndani, valvu, ndizo zinazoipa gitaa lako huo mkwaruzo laini ambao bendi za huku zinautafuta kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya juu. Kama deni la bati ndilo tatizo, fungu langu nitalilipa kwa Mama mwisho wa mwezi, na Baba Mkubwa alipe fungu lake.

Hela ninayotuma kwa jina la Mama ni ya mambo manne: kurudia gitaa la wimbo wa tatu, kusafisha sauti ya wa pili, masta ya zote tatu kwa fundi mmoja ili zilingane, na ada ya msambazaji ya mwaka. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, mfungue pia. Wao wanakata asilimia 15 kwenye nyimbo na 10 kwenye fulana, na Ijumaa wanazozitangaza hawakati kabisa fungu lao. Wasambaa na Wadigo walioko ughaibuni watanunua, nitawaambia mwenyewe.

Nitumie faili za WAV kwa kiungo, siyo kwa WhatsApp. Kila chombo faili lake, zote zianze sekunde sifuri, na jina la wimbo na kasi yake viandikwe juu. Karatasi ya asilimia itangulie. Bila hiyo Mama hakupi hela, nimeshamwambia.

Wasalimie wote, Salimu pia.

Dada yako,
Zuhura