Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtoto Asirudi Nyumbani Peke Yake

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru nyote mliofika, hasa mliotoka Kaole na Kiromo na jua hili.

Mkutano wa mwaka jana ulitutuma kazi moja: uonevu katika shule za sekondari zilizo jirani nasi. Tulipoanza tulidhani tutashughulika na kunyang'anyana hela za vitumbua na watoto wa kidato cha kwanza kufulishwa nguo za wakubwa. Hayo tuliyakuta. Lakini kila tulipokaa na wanafunzi faragha, neno lililorudi ni lile lile: shoga. Huitwa hivyo mvulana mwenye sauti nyembamba, anayekaa na wasichana, asiyependa mpira, au anayecheza ngoma vizuri kuliko wenzake. Na hapa ni Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981! Mama zetu wanaitana neno hilo barazani kwa mapenzi, "shoga yangu, umeamkaje?" Shuleni limegeuzwa jiwe.

Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja, bila kumtaja yeye wala shule yake. Yuko kidato cha pili. Mama yake aliona jalada la daftari la Hisabati linazidi kunenepa, maana kila wiki kijana alilivalisha gazeti jipya. Siku moja mama akaanza kubandua, gazeti la kwanza, la pili, la tatu. Kila alipobandua alikuta neno lile limeandikwa kwa kalamu, na mwandiko si mmoja. Hiyo miandiko ndiyo iliyomliza. Angekuwa mkorofi mmoja angemfuata kwao akaongee na wazazi wake. Sasa angeanzia nyumba ipi?

Hapo chama kilikosea, na kosa ni langu. Mwezi Machi nilimwomba mama huyo azungumze mbele ya wazazi, wala sikumuuliza mtoto mwenyewe. Habari zilifika darasani kabla ya magharibi, naye hakwenda shule kwa wiki mbili. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, yeye kwanza, kisha mama yake. Tangu siku hiyo tuna sharti: habari ya mtoto haitoki mdomoni mwetu mpaka mwenyewe aridhie.

Kazi iliyozaa matunda ni maigizo shirikishi, na wasanii wetu nawashukuru kwa dhati. Wanaigiza kisa cha kijana anayezomewa chini ya mwembe baada ya vipindi. Kisha wanakirudia, na safari hii mwanafunzi yeyote anaweza kupiga kofi, mchezo ukasimama, akaingia mahali pa mmoja wa wanaotazama. Tulitarajia watatoa hotuba. Wengine walitoa, na wazomeaji wakawazomea na wao. Ndipo akainuka mtoto mdogo wa kidato cha kwanza. Hakumtazama mzomeaji hata mmoja. Aliokota begi lililotupwa mchangani, akalipangusa, akamwambia mwenye begi, "Twende, tutachelewa." Wakaondoka pamoja. Wazomeaji wakabaki wamesimama, hawana wa kumzomea. Darasa zima lilinyamaza. Nimefundisha miaka mingi, na sikuwahi kufundisha somo kwa ufupi ule.

Tangu hapo tumeacha kuwahubiria wanaoonea, tukaelekea kwa wale wengi wanaotazama. Niliwasimulia pia kisa cha Kanada, jimbo la Nova Scotia, mwaka 2007. Mvulana alikwenda shule na shati la waridi, akaitwa shoga na kutishiwa kipigo. Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, David Shepherd na Travis Price, walinunua mashati 50 ya rangi hiyo wakawagawia wenzao, na shule ikajaa waridi. Binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi tuna sare." Ni kweli. Shati hatuwezi kubadilisha, lakini njia ya kurudi nyumbani ni yetu. Ndivyo walivyoanza kurudi kwa makundi, na anayeandamwa anawekwa katikati, si mwisho.

Najua wapo walioondoka kwenye chama kwa sababu ya kazi hii. Mzee wangu mmoja aliniambia haya ni mambo ya kuletwa. Nilimjibu kwa heshima kwamba mtoto anayepigwa ni wa hapa, na mkono unaompiga ni wa hapa. Wengine waliniuliza kama siioni sheria. Naiona. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile, nakijua, na adhabu yake ni nzito. Hakina mstari unaomruhusu mwanafunzi kumpiga mwenzake kwa jinsi anavyotembea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili au kumdhalilisha. Haisemi mtoto wa aina gani. Kwa hiyo hatumuulizi mtoto yeye ni nani ndipo tumlinde. Na kama kweli mmoja wao ndivyo alivyo, bado ni mwanetu, na kidonda chake kinatoka damu kama cha mwingine.

Walimu wengi walitupokea vizuri. Shule moja ilitufungia mlango; tutabisha tena. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, sasa imebandikwa kila darasa tulilofika. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Mwaka ujao tunataka onyesho kubwa Alhamisi ya kwanza ya Novemba, siku iliyotengwa na UNESCO kupinga ukatili na uonevu shuleni. Kabla ya hapo nina ombi. Yule kijana alirudi shule, akafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na Januari anaingia cha tatu. Wenzake wanamsindikiza mpaka njia panda, kisha kila mmoja anashika njia yake, na kipande kilichobaki anakwenda peke yake. Wanachama wenye nyumba au genge upande huo, nawaomba saa za kutoka shule mkae nje, mlango wazi, wamwone na awaone. Karatasi ya majina iko kwa katibu, pale penye birika la chai.