Barua kwa mabinti mlioolewa huku Kano

Mabinti zangu,

Nawaandikia nyinyi ambao hamkuzaliwa kwenye tambarare hii ya Kano, huku Kisumu. Mmetoka Nandi, Kisii, Kakamega, na wewe mmoja Seme, kwenu ambako mvua ikinyesha maji huteremka yakaenda zake. Huku hayaendi. Yanakuja, yanakaa. Baadhi yenu mliletwa na ndoa baada ya masika ya 2024, na tukiwasimulia yale mafuriko mnatuitikia kwa adabu, kisha mnaendelea kuchambua mboga.

Sasa ni Februari. Njia ya Ahero ni vumbi tupu, na udongo mweusi umepasuka hadi mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Nimechagua wakati huu makusudi, maana Machi mvua ikishika kila mtu atakuwa shambani na hakuna atakayekuwa na masikio ya kumsikiliza bibi kizee.

Kosa lenu la kwanza ni kutazama mawingu yaliyo juu ya boma lenu. Mto Nyando hauanzii hapa. Unaanzia huko juu, Nandi na upande wa Londiani, unazoa maji ya kila bonde, halafu unatua kwetu pasipo na mteremko. Udongo wetu ukishashiba haunywi tena. Na Ziwa Victoria nalo likijaa, kama 2020 lilipopita hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walitusimulia, mto hukosa pa kumwaga ukatanuka ubavuni. Ndiyo maana mtu hulala akiona nyota, akaamka ndala zinaelea chini ya kitanda.

Kwa hiyo wewe wa Nandi una kitu ambacho sisi hatuna: mama yako yuko huko juu. Mpigie jioni, muulize imenyesha vipi, na imenyesha tangu saa ngapi. Ukisikia mvua imepiga kutwa nzima, waambie wenzako. Redio pia sikilizeni, utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa si wa kupuuzwa. Na mkienda sokoni mtazame mto pale darajani: ukiwa umegeuka rangi ya chai nzito na unashusha magogo na mabua ya miwa, usiku huo msivue nguo za kutembelea.

Sasa niwape aibu yangu. Mwaka wa 1997, mvua za El Niño, maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu tulipotoka. Watoto walishatangulia na baba yao. Mimi nikarudi kwa ajili ya kuku. Kuku kumi na mmoja, wawili wanaatamia. Nilikimbizana nao gizani ndani ya kile kibanda, na nilipotoka na wanne kwenye kikapu maji yalikuwa kiunoni na yalikuwa yanavuta. Kijana wa jirani alinirushia kamba ya ng'ombe nikajifunga. Kikapu kilikwenda. Asubuhi, kutoka kule shuleni tulikolala, tuliwaona wale saba wengine wametulia juu ya mwembe wangu. Kumbe walihitaji mlango ufunguliwe tu.

Maji yanayokimbia hayangoji kufika shingoni. Yakifika magotini yanaweza kumlaza mtu mzima, na huku kwetu hujui chini kuna nini, maana mifereji ya mpunga inafunikwa yote na uso wa maji unakuwa mmoja. Asivuke mtu, hata dereva wa boda akikuapia kwamba anaijua njia.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni hili. Waume zenu wengi wako Nairobi au Mombasa. Nimeshuhudia mke amesimama mlangoni, maji yanaingia, anapiga simu kuuliza kama aondoke, na simu ya mzee imezimwa. Anaogopa kuambiwa ameacha nyumba ikaibiwa. Zungumzeni jambo hilo sasa, kwa utulivu, na mkubaliane kwamba uamuzi wa kutoka ni wa aliye nyumbani. Mume akikataa, mwambieni aje kwangu, nami ni mama yake pia. Tena mtoke mchana. Solai mwaka wa 2018 bwawa lilipasuka giza likiwa limeingia. Mai Mahiu mwaka wa 2024 maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yaliwajia watu kabla ya kupambazuka. Kila mahali walikufa zaidi ya arobaini. Usiku maji ni sauti tu, huoni yanatokea wapi.

Msijidanganye kwamba mtapanda kitandani mngoje yapungue. Nyumba ya udongo hulowa kuanzia chini, inasimama vizuri kabisa, halafu ukuta unakuja wote mara moja.

Kuhusu vitu sitasema mengi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za shamba vifungwe kwenye nailoni mbili na vitundikwe karibu na mlango, si chini ya godoro. Mahindi yawekwe kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya jukwaa. Tochi, na simu ichajiwe stima ingalipo. Neti mbebe, ni nyepesi, na mbu wa baada ya mafuriko mtawajua. Wanaomeza dawa kila siku, iwe ya presha, ya sukari, au ile nyingine ambayo hatuitangazi, waweke ya wiki mbili ndani ya mfuko huohuo. Huko shuleni hakuna atakayekuuliza ni ya nini. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haikati pesa.

Mkirudi, kisima msikiguse. Vyoo vyetu ni vya shimo, na maji yaliyopita chooni ndiyo yaliyopita kisimani. Chemsheni hata ya kuoshea vyombo vya mtoto, mpaka watu wa afya watie dawa. Na kabla ya kuinua godoro lililolowa, ligongeni kwanza kwa fimbo, nyoka naye alikuwa anatafuta pakavu.

Alhamisi ya kwanza ya Machi chama chetu cha akina mama kitakaa kwangu. Kila mmoja aje na ile nailoni yake imeshafungwa, tuitazame. Tutatembea pamoja hadi shuleni, kwa miguu, tukiwa na watoto na yule nyanya asiyeona vizuri, nijue tunachukua muda gani. Njia ni ile ya juu, ya kanisani, ingawa ni ndefu. Chai nitapika mimi.

Mama yenu,
Ahero