Tuambie kete zako zimepotelea wapi

"Gemu inaiba kete." Hayo ni maoni ya mteja mmoja kwenye Google Play: maneno matatu na nyota moja, basi. Sisi ni watu watatu tunaotengeneza gemu za simu, na iliyosemwa hapo ni gemu yetu ya bao, bao la kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64. Tulizihesabu siku tano. Tuliandika kiprogramu cha kucheza bao peke yake usiku kucha na kujumlisha kete kila baada ya hatua, kikatupa 64 asubuhi, mchana na jioni. Hakuna kete iliyopotea. Tulikaribia kumjibu mteja yule kwamba amekosea, na hadi leo tunashukuru hatukumjibu hivyo.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa Tanga, mchezaji wa barazani tangu ujana wake, alitutumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Alieleza taratibu. Alikuwa bado kwenye namua, sehemu ya kwanza ya mchezo, unapoingiza kete za mkononi moja moja. Alikula kete za mpinzani, akazisambaza kuanzia kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la upande huo, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, lile shimo maalumu la kulimbikizia kete, na mbele ya nyumba hapakuwa na cha kula. Alitaka nyumba ilale, yaani kete zibaki humo na zamu yake iishie hapo. Kabla hajagusa kitu akaona nyumba tupu, kete zote zimeshatawanywa. Mwisho akaongeza kwamba simu yake ni ya zamani na huwa inasuasua.

Ujumbe ule haukufika dakika moja, lakini kila tulichokihitaji kilikuwemo. Wanaojua bao wanajua kwamba mkono ukiishia pale, mwenye nyumba ndiye anayeamua: ama nyumba ilale, ama kete zake zisafiri. Gemu yetu ilikuwa inauliza swali hilo kwa kitufe kidogo kilichokaa sekunde mbili, na mtu asipojibu inaendelea na safari yenyewe. Kwenye simu zetu sekunde mbili zilitosha. Kwenye simu ya mzee, kitufe kilichelewa kuonekana na muda ulikuwa umekwisha. Kete zilikuwa 64 kama kawaida, lakini mtu aliyelea nyumba yake ikafika kete kumi, kisha ikabomolewa bila ridhaa yake, ameibiwa. Neno alilotumia mteja wa kwanza lilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokuwa tunamtafuta mwizi kwenye nyumba nyingine. Kurekebisha kulichukua alasiri moja: sasa kitufe kinakaa mpaka ukiguse.

Kwa hiyo tunapokuomba maoni, tunakuomba ufanye kama mzee wetu. Simulia ulikuwa unafanya nini kabla ya tatizo, ulitarajia nini, kisha ukaona nini. Taja aina ya simu. Ukiweza, fungua Mipangilio, nenda kwenye Programu, tafuta gemu yetu na utuandikie namba ya toleo, kwa sababu huenda tatizo lako tulishalitatua na simu yako haijasasisha. Lugha ya kitaalamu haihitajiki kabisa. Ukisema "imeganda" au "imejitoa yenyewe" tumekuelewa, na ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo tuambie ni lipi kati ya hayo.

Video inasaidia kuliko chochote. Simu nyingi zenye Android 11 na kuendelea zina kitufe cha kurekodi skrini. Kipo kwenye menyu inayoshuka kutoka juu. Sekunde 20 au 30 zinatosha, tunajua bando ni hela. Zima arifa kwanza ili ujumbe wako wa binafsi usiingie kwenye video.

Kuna jambo lingine tumejifunza kwa tabu. Wachezaji wengi hutuletea dawa bila kutaja ugonjwa. Kwa miezi kadhaa tuliombwa tupunguze ugumu, na tukapunguza. Malalamiko yakabaki palepale. Ndipo tulipoanza kumuuliza kila mmoja: uliacha kucheza ukiwa wapi? Wengi walitaja mahali pamoja, pale kete za mkononi zinapokwisha na mchezo unaingia kwenye mtaji. Waligusa shimo, gemu ikakataa, wakadhani imeharibika. Kumbe kwenye mtaji kama kuna cha kula lazima ule, na kama hakipo unatakata tu, yaani unasambaza kete zako bila kula. Sisi tuliokulia karibu na bao tuliona hilo halihitaji maelezo. Tukaweka maelezo mafupi hapo pamoja na alama kwenye mashimo yanayoruhusiwa, na wengi wa waliokuwa wakikwama pale wakaendelea. Mapendekezo tunayataka, tena sana, ila tupe pia kile kilichokufanya upendekeze.

Sasa kuhusu nyota. Gemu kubwa yenye maoni milioni haitikisiki na nyota moja. Yetu ikiwa na maoni matano, manne ya nyota 5 na moja la nyota 1, wastani ni 4.2 tu, na anayepita anaona namba hiyo kabla hajasoma neno lolote. Hatukuombi uwadanganye wengine. Kama gemu imekuudhi, sema. Ila tatizo la kiufundi likitufikia sisi kwanza, mara nyingi tunaweza kulimaliza ndani ya wiki.

Na kuna kipindi ambacho ukali wako hautugharimu chochote: wakati wa majaribio ya kufungwa, yaani ya watu walioalikwa tu kabla gemu haijatoka kwa umma. Akaunti binafsi za watengenezaji zilizofunguliwa Google Play baada ya katikati ya Novemba 2023 haziruhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12. Maoni unayotoa humo yanatufikia sisi peke yetu na hayagusi nyota za umma. Watu 12 ni wachache mpaka uanze kuwatafuta. Ndugu na marafiki wanapakua, wanafungua mara moja, wanaandika "safi sana", na sisi tunabaki tulivyokuwa. Tunamhitaji mtu atakayecheza siku ya tisa akiwa amechoka, kisha atuambie ni wapi alipochoshwa. Hata Hades, gemu iliyosifiwa duniani kote, ilianza kuuzwa Desemba 2018 ikiwa haijakamilika, ikakamilishwa kwa maoni ya wachezaji hadi Septemba 2020.

Kila ujumbe tunausoma na tunaujibu. Wakati mwingine jibu ni kwamba hatuwezi: wengi mnataka kucheza na mtu aliye mji mwingine, na hilo linadai seva ya kulipiwa kila mwezi, ambayo mapato yetu ya sasa hayaifikii. Tutakwambia hivyo waziwazi.

Yule mteja wa maneno matatu tulimjibu chini ya maoni yake, ndani ya herufi 350 tunazoruhusiwa. Hakurudi. Ndugu yetu, kama unasoma hapa, tunakuomba radhi kwa nyumba yako. Toleo jipya lipo, na kitufe kitakusubiri.