Kabla hujanunua nyingine, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Mama alinipigia jana usiku. Alianza na habari za mbuzi, akaja kwa mvua, kisha akatupia, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba unanunua pikipiki nyingine. Nikamuuliza ni gani. Akasema ni nyekundu. Kama ni Boxer au TVS hajui, kwake zote ni nduthi, lakini rangi ana uhakika nayo.

Simu zangu hupokei tangu Agosti. Ujumbe unausoma na hujibu. Basi naandika hapa, maana najua utapita kuchungulia, vile ulivyokuwa ukichungulia shajara yangu nikiwa darasa la saba.

Usiinunue kabla hujaipanda. Nimesema. Sasa cheka umalize.

Ile siku ya Masimba, kule Kayole, tuliponunua ile pikipiki yako ya kwanza, nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko unavyodhani. Yule mzee wa kanisa aliisimamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likabaki hewani, akapiga kiki mara moja tu na injini ikaitika. Akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akazirudisha zote, gurudumu likizunguka kwa sauti ya cherehani. "Sikizeni wenyewe," akasema. Nikasikiza. Kwa masikio yangu mimi, ambaye hata baiskeli ilinishinda, hapakuwa na kasoro.

Wewe ulikuwa umeshavaa kofia ngumu. Ulisema, kwa adabu kabisa, "Wacha nifike nayo Spine Road nirudi. Dakika kumi." Nikatazama saa. Zamu yangu ilikuwa ya saa nane na matatu za Kayole unazijua. Nikakujibu mbele yake: "Kwani unamshuku mzee? Wacha nilipe twende."

Ukaivua ile kofia. Ulifungua kikanda cha kidevuni kwa vidole viwili, polepole, ukaitoa, ukaiweka juu ya tangi, ukaangalia pembeni huku mimi nikibonyeza nambari ya siri na 75,000 za chama, kikundi chetu cha akiba, zikienda. Nimehudhuria mazishi ambayo siwezi kukwambia nani alilia. Vile vidole viwili navikumbuka.

Nilichokuja kujua baadaye nimefundishwa na fundi mmoja wa Kirinyaga Road, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan. Nilimpelekea ile injini mwenyewe, hilo hukuambiwa. Akaipasua nikiangalia. Akanionyesha meno ya gia ya pili yalivyolika, yamekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Akaniambia pikipiki ikiwa kwa stendi haibebi chochote, kwa hivyo hata gia mbovu inaingia na kutulia. Uovu wake unatoka ikipewa kazi: mtu juu yake, mlima mbele, mafuta yafunguliwe. Hapo meno yanaachana, gia inaruka, injini inalia bure na wewe huendi popote. Kumbe yale maonyesho ya stendi hayakuwa yametuonyesha kitu. Dakika kumi za Spine Road zingetuonyesha.

Lakini na wewe. Nani alikutuma upande daraja la Donholm na mitungi minne ya gesi? Uliendesha wiki tatu gia ikiruka, ukijua inaruka, na hukusema. Ungesema wiki ya kwanza ningemrudia yule mzee hata kama ni katikati ya ibada. Na hata ningekuacha uijaribu ile siku, bima yake ilikuwa imekwisha, niliona hospitalini nikipekua makaratasi. Ungemgonga mtu pale Spine Road bila bima, ungekuwa mgeni wa Sura ya 405, ile sheria ya bima ya magari, na deni lingekuja kwangu vilevile. Naam, siku yenyewe sikulijua hilo. Sababu iliyochelewa bado ni sababu.

Halafu ukanisimanga kwenye harusi ya binamu yetu, mbele ya mashangazi, kipaza sauti mkononi: "Dada alininunulia pikipiki, ikanizawadia chuma mguuni." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya pilau. Nani aliyelala kwenye benchi la wodi siku nne? Nani aliyelipa hicho chuma?

Wasomaji wengine mnisamehe, haya ni ya nyumbani. Ila kama na nyinyi mnanunua, sikizeni.

Nenda asubuhi, na usimwambie muuzaji saa utakayofika. Kabla ya kumsalimia, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameiamsha mapema ili usijue inavyosumbua kuwaka ikiwa baridi. Mwambie mnywe chai kwanza, ipoe. Ikiwaka, tazama bomba: moshi wa kibuluu usiokwisha ni oili inaungua ndani, na hilo pia ni la kupasua injini. Barabarani, katika kila gia fungua mafuta kwa nguvu kisha achilia, ndipo inaporuka kama ni ya kuruka. Injini ikipaza sauti na mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Breki zijaribu moja moja. Ukifika mahali pamenyooka hapana magari, legeza mikono kidogo, usiachilie, usikie kama inavuta upande mmoja. Inayovuta huenda iliwahi kuanguka vibaya ikapakwa rangi, na nyekundu, mdogo wangu, inaficha mengi. Matuta nayo usiyakwepe. Siku hiyo ndiyo pekee utakayoyatafuta.

Nambari za injini na za chesisi zisome kwa macho yako uzilinganishe na logibuku, ile hati ya umiliki. Uhamisho wa umiliki muuzaji auanzishe mwenyewe kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mbele yako. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu nikinyamaza nitarudi kwenye ile harusi.

Muuzaji akikataa usiipande, usimtukane. Nimemwonea huruma muuzaji pia, siku hizi. Katika Nairobi hii mtu anakuja na kofia nzuri na Kiswahili kitamu, anaomba dakika kumi, na wewe unabaki na stendi ya kumbukumbu. Kwa hivyo mwambie apande nyuma yako. Uzito wake ndio mzigo unaoutaka kwa hiyo gia ya pili. Au mwachie kitambulisho. Pesa usimwachie, hata akiapa. Mzee wetu hakuapa, alisema tu "Mungu ni mwema," na mimi nikaitikia "kila wakati" kama mtu aliyefungwa kamba.

Sikujua kama ananidanganya. Sijui hata kama alijua. Pengine yeye naye aliinunua kwa stendi.

Kuna jambo moja Mama aliliachilia jana, sidhani alikusudia. Alisema zile wiki tatu ulinyamaza kwa sababu chama kilikuwa kinakutana nyumbani kwangu mwezi ule, na hukutaka wanawake wenzangu wajue pesa yao imeingia kwenye chuma kibovu. Ulingoja nikishamaliza kuwalipa ndipo uniambie. Nilikata simu nikimwambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ungeniambia tu. Mimi si wa kuchungwa hivyo, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda kliniki. Na kwa kipaza sauti ungesema hilo badala ya lile la chuma.

Jumamosi hii sina zamu, niliomba tangu asubuhi. Mama anasema mwenye hiyo nyekundu yuko Umoja, karibu na Mutindwa. Nitakuja nikiwa kimya. Sitashika simu, sitatazama saa, na pesa ni zako safari hii kwa hivyo sina la kusema. Akiogopa utaitorosha, mwambie dada yako anabaki hapa. Nitakaa kwa kiti atakachonipa, mimi ndiye rehani. Zunguka hadi Njiru ukitaka, rudi na Outer Ring, panda lile daraja.

Kofia usiivue.